Kulisha kondoo kwa ajili ya nyama bora: mwongozo kamili kwa mfugaji wa Tabora, kuanzia horini hadi machinjioni

Ukienda mnadani Nzega au Igunga utaona kwamba mnunuzi wa kondoo huanza kwa kupeleka mkono nyuma na kuupima mkia, ndipo apandishe mkono hadi mgongoni. Desturi hiyo ina sababu yake, kwa kuwa kondoo wetu wa kienyeji huweka akiba ya mafuta mkiani, na mkia uliojaa ni dalili kwamba mnyama hakushinda njaa. Hata hivyo mkia hauelezi kama mnofu utakuwa laini, kama rangi yake itabaki nyekundu hadi alasiri buchani, wala kama mafuta yatakuwa meupe na yaliyoshikana au yatalegea mkononi. Mambo hayo hutegemea kwa kiasi kikubwa kile alichokula mnyama katika miezi miwili au mitatu ya mwisho ya uhai wake, na ndiyo miezi ambayo mwongozo huu unaishughulikia.

Nimeuandika kwa ajili ya mfugaji mwenye kondoo kumi hadi thelathini, anayetegemea pumba na mashudu (mabaki ya mbegu zilizokamuliwa mafuta) yanayopatikana mkoani, na anayetaka kuuza nyama ambayo mlaji atairudia. Ushauri wangu mkuu ni kwamba kabla ya kununua hata gunia moja la chakula, uamue kwanza ni sifa gani ya nyama unayoitafuta, kisha uhesabu kurudi nyuma hadi horini. Anayeanza na gunia mara nyingi huishia kunenepesha mkia na mafuta ya figo, ambayo mnunuzi wa nyama halipii kwa bei ya mnofu.

Hatua ya kwanza: jua kinachopungua katika malisho yako

Mvua za Tabora ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili. Katika miezi hiyo kondoo hupata nyasi changa na majani ya miombo, na hahitaji nyongeza kubwa. Kuanzia Juni nyasi hukomaa na kukauka, na protini yake hushuka chini ya asilimia 7, kiwango ambacho chini yake vijidudu vya tumbo la kwanza hushindwa kuvunja nyuzi za nyasi ipasavyo. Kondoo wa Septemba anaweza kurudi jioni tumbo limejaa huku akizidi kukonda, kwa sababu kilichojaa tumboni hakimeng'enyeki.

Upungufu huo hufika hadi kwenye nyama kwa njia ambayo wengi hawaioni. Msuli wa mnyama aliye hai huwa na akiba ya sukari iitwayo glaikojeni. Baada ya kuchinjwa, akiba hiyo hugeuka kuwa asidi ya laktiki, na kipimo cha pH cha nyama, ambacho hushuka kadiri asidi inavyoongezeka, huteremka kutoka takriban 7 hadi kati ya 5.5 na 5.8 ndani ya saa 24. Kushuka huko ndiko kunakoipa nyama rangi nyekundu ing'aayo na kuifanya ichelewe kuharibika. Kondoo aliyefika machinjioni akiwa na msuli mtupu, kwa sababu ya njaa au ya safari ndefu, hana sukari ya kutosha kugeuza. pH hubaki juu ya 6, nyama huwa nyeusi, ngumu na inayonata, na bakteria huzaliana humo haraka. Wauza bucha huiita nyama ya mnyama mzee, ingawa mara nyingi ni ya mnyama mchanga aliyeshinda njaa.

Kitu cha pili kinachopungua kiangazi ni vitamini E. Majani mabichi yana vitamini hii kwa wingi, lakini nyasi zilizokauka kwa jua pamoja na nafaka zina kiasi kidogo sana. Nitairudia mbele, kwa kuwa ndiyo inayoamua nyama itakaa muda gani buchani kabla ya kugeuka rangi ya kahawia.

Mwenye ngitili, yaani eneo la malisho lililofungwa tangu masika ili lilishwe kiangazi, tayari ana nusu ya kazi mkononi. Asiye nayo aanze kukusanya mabaki ya karanga, marando ya viazi vitamu na majani ya lukina, mti wa malisho wa jamii ya kunde, tangu Aprili, ayakaushe kivulini na kuyahifadhi juu ya kichanja. Jua kali huyaunguza majani na kuondoa vitamini hiyohiyo tunayoitafuta.

Hatua ya pili: chagua na uwaandae wanyama

Chagua kondoo wa miezi sita hadi kumi na miwili, wenye mifupa mipana na afya njema, hata kama wamekonda. Kondoo aliyekwisha komaa hugeuza chakula kuwa mafuta zaidi kuliko nyama. Madume ambayo hayatauzwa kwa ajili ya Idi au mbegu yahasiwe mapema, kwa kuwa dume lisilohasiwa likikaribia utu uzima huwa na harufu nzito katika mafuta yake. Wape dawa ya minyoo, wapatie chanjo ya sumu ya utumbo kwa kumshirikisha afisa mifugo wa kata, na uandike tarehe ya kila dawa pamoja na siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa. Kondoo asichinjwe kabla siku hizo hazijaisha.

Hatua ya tatu: linganisha nyongeza na sifa unayoitaka

Nyongeza za nishati, yaani pumba za mahindi, mtama uliovunjwavunjwa na molasi, ndizo zinazojaza glaikojeni katika msuli na kuweka mafuta mwilini. Mafuta hayo huwekwa kwa mpangilio: kwanza kuzunguka figo na matumbo, halafu katikati ya misuli, kisha chini ya ngozi, na mwisho kabisa ndani ya mnofu wenyewe. Ni mafuta haya ya mwisho, yale yanayoonekana kama nyuzi nyembamba nyeupe ndani ya nyama, yanayoipa ladha na utelezi mdomoni. Kwa hiyo mfugaji anayelisha wiki tatu peke yake atakuta figo zimefunikwa mafuta lakini mnofu bado ni mkavu. Muda unaofaa ni siku 70 hadi 90.

Nafaka ikizidi, mambo hugeuka. Vijidudu vya tumbo la kwanza hutoa asidi ya propioniki nyingi kuliko ini linavyoweza kuitumia, na ziada hiyo hujengwa katika aina ya mafuta yanayoyeyuka mapema. Ukiugusa mzoga wa kondoo wa namna hiyo baada ya kupoa, mafuta ya mgongoni hubonyea kama siagi iliyoachwa mezani, na baadhi ya mafuta hayo ndiyo yanayobeba ile harufu ya kondoo ambayo watu wengi huilalamikia. Kwa sababu hii ninashauri chakula cha hori kisizidi nusu ya ulaji wote wa siku, na sehemu iliyobaki iwe nyasi na majani.

Nyongeza za protini hujenga mnofu. Hapa Tabora tuna mashudu ya alizeti karibu kila wilaya, na mashudu ya pamba zaidi upande wa Igunga na Nzega. Mashudu ya pamba yana gosipoli, sumu ambayo tumbo la kondoo mkubwa huipunguza makali lakini mwanakondoo ambaye tumbo lake bado halijakomaa hawezi. Basi yasitumike kwa wanaonyonya. Mashudu ya karanga ni mazuri kwa protini lakini hushika ukungu upesi, na ukungu huo hutoa aflatoksini inayoharibu ini. Gunia lenye harufu ya uvundo lisiingie bandani kwa bei yoyote, hata kwa kuchanganywa kidogokidogo.

Mashudu ya alizeti yanahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu mashine ndogo za kukamua huacha mafuta mengi ndani yake, na kiasi hutofautiana kati ya mashine na mashine. Chukua konzi moja, uifunge katika karatasi ya daftari na uikandamize kwa kiganja kwa dakika moja au mbili. Karatasi ikibaki na doa pana linalopitisha mwanga, mashudu hayo yana mafuta mengi na yapunguzwe katika mchanganyiko. Mafuta yote ya chakula yakizidi asilimia 6 ya ulaji mkavu wa siku, vijidudu vinavyovunja nyuzi hudhoofika, na mnyama huacha kula nyasi. Kuna athari nyingine katika nyama yenyewe. Mafuta ya alizeti ni laini kwa asili. Tumbo la kondoo huyageuza mengi yawe magumu, lakini sehemu fulani hupita na kuingia mwilini, nayo huifanya nyama iwahi kuchacha inapokutana na hewa, isipokuwa mnyama awe na vitamini E ya kutosha kuyalinda.

Hapo ndipo majani yanapoingia. Majani mabichi ya lukina, gliricidia (nao ni mti wa malisho), marando na nyasi za bondeni hubeba protini pamoja na vitamini E. Vitamini hii hujipanga ndani ya msuli na kuzuia mafuta kuchacha na rangi nyekundu kugeuka kahawia. Bucha zetu nyingi hutundika nyama hewani bila jokofu, na nyama inayobaki nyekundu saa chache zaidi ndiyo inayouzwa badala ya kurudishwa nyumbani. Lukina isizidi theluthi ya chakula cha siku, kwa kuwa ina mimosini, ambayo ikizidi husababisha manyoya kudondoka na ukuaji kudorora. Maganda na majani ya migunga yana tanini. Kwa kiasi cha wastani huisaidia protini ipite tumbo la kwanza bila kupotea na hupunguza harufu ya malisho katika mafuta, ila yakizidi mnyama hupoteza hamu ya kula.

Vumbi la dagaa kutoka Kigoma hufika Tabora kwa reli na wengine hulichanganya kwa kuwa lina protini nyingi. Kwa kondoo wa nyama ninalikataa, kwa sababu mafuta ya samaki huacha harufu yake katika nyama, na mlaji huihisi mara tu sufuria inapofunikuliwa.

Hatua ya nne: changanya

Kwa kilo 100 za mchanganyiko, pima pumba za mahindi kilo 54, mashudu ya alizeti kilo 30, majani makavu ya lukina yaliyopondwa kilo 12, chokaa ya mifugo kilo 3 na chumvi kilo 1. Mchanganyiko huu hutoa protini ya takriban asilimia 15. Mashudu yakiwa na mafuta mengi kwa kipimo cha karatasi, punguza kilo 10 na uzibe kwa majani. Chokaa ninayoisema ni ile ya mifugo, ya mawe yaliyosagwa, si chokaa ya kupaka kuta. Isidharauliwe: pumba zina fosforasi nyingi na kalisi kidogo sana, na dume linalolishwa pumba tupu huweza kupata mawe katika njia ya mkojo, likashindwa kukojoa na kufa kwa maumivu. Lenga kalisi mara moja na nusu hadi mara mbili ya fosforasi, na maji safi yawepo muda wote.

Tandika turubai chini ya mti. Mwaga pumba kwanza, na juu yake mashudu na majani ya lukina. Chokaa na chumvi uzichanganye pembeni katika beseni na kilo chache za pumba, ndipo uzinyunyize juu ya lundo lote. Ukizimwaga moja kwa moja zitabaki mahali pamoja, na kondoo mmoja atakula chumvi ya wote. Geuza lundo kwa koleo mara tatu hadi nne, mpaka ukichota kopo upande wowote uone rangi ileile.

Urea sijaiweka katika mchanganyiko huu. Inaweza kutumika kwa kondoo wakubwa ikiwa chini ya asilimia 1 ya ulaji mkavu wote, lakini ikiganda mafungu au ikilowana na mvua horini huua kwa dakika chache, na kwa mfugaji mdogo majani ya lukina hufanya kazi hiyohiyo bila hatari.

Hatua ya tano: anzisha polepole

Kondoo wa kilo 25 hula takriban kilo 0.8 hadi 1 ya chakula kikavu kwa siku. Anza na gramu 100 za mchanganyiko kwa kila mmoja, na uongeze gramu 50 kila baada ya siku tatu au nne, hadi ufikie gramu 300 hadi 350 katika wiki ya tatu, zikigawanywa asubuhi na jioni baada ya kula nyasi. Mnyama aliyezoea nyasi akipewa nafaka nyingi ghafla, tumbo lake hujaa asidi, huharisha maji ya kijivu na huweza kufa usiku mmoja. Hori liwe refu kiasi cha kila kondoo kupata nafasi, kwa maana wanyonge wakisukumwa pembeni utapata mizoga isiyolingana.

Onyo kuhusu madini ya shaba

Katika mambo yote ya kulisha kondoo, hili ndilo ninalotaka msomaji alishike kuliko mengine. Kondoo hawezi kutoa shaba mwilini kama ng'ombe anavyoweza. Huikusanya katika ini wiki baada ya wiki, bila dalili yoyote, hadi siku ini litakaposhindwa. Chakula chake kisiwe na zaidi ya miligramu 15 za shaba kwa kilo ya chakula kikavu. Madini ya ng'ombe, chakula cha nguruwe, chakula cha kuku na mbolea ya kuku huweza kuwa na kiasi kinachozidi hapo kwa mbali.

Nililijua hili kwa hasara yangu mwenyewe. Kiangazi kimoja mashudu yaliadimika, nikanunua mifuko ya chakula cha kuku iliyokuwa imebaki kwa jirani na kuwawekea kondoo pamoja na jiwe la kulamba la ng'ombe. Kwa wiki saba walipendeza mno, migongo ikajaa, nami nikajiona nimegundua njia ya mkato. Siku tulipowaswaga kwenda mnadani, watatu walikaa chini njiani. Utando wa macho yao ulikuwa wa njano na mkojo wao ulitoka mwekundu kama maji ya hibiskasi. Mmoja tulimchinja palepale. Mafuta yote ya mzoga yalikuwa ya njano kama yaliyopakwa bizari, ini lilikuwa na rangi ya chungwa, na figo zilikuwa nyeusi zenye mng'ao wa chuma. Mkaguzi wa nyama aliukataa mzoga, na hakukosea.

Ng'ombe aliyekula majani mengi huweza kuwa na mafuta ya njano bila tatizo, lakini mafuta ya kondoo kwa kawaida ni meupe hata akishinda kwenye majani mabichi. Njano katika kondoo mara nyingi ni ishara ya ini lenye tatizo. Kwa hiyo nunua madini yaliyoandikwa kwamba ni ya kondoo, na ukiyakosa, chumvi ya kawaida na chokaa ya mifugo vinatosha kwa siku 90.

Hatua ya sita: wiki nne hadi sita za mwisho

Vitamini E huchukua wiki kadhaa kujipanga katika msuli, basi kukimbilia majani siku tatu kabla ya kuchinja hakusaidii. Kuanzia wiki ya sita kabla ya tarehe, kila kondoo apate majani mabichi kila siku, hata kama ni konzi tatu nne za lukina au marando yaliyomwagiliwa kwa maji ya kuoshea vyombo. Anayeweza kupata vitamini E ya unga kwenye duka la pembejeo aichanganye kwa miligramu 150 hadi 300 kwa kila kilo ya chakula. Mara nyingi huuzwa ikiwa imechanganywa na madini ya seleniamu. Fuata kipimo chake kwa uaminifu, kwa sababu tofauti kati ya kiasi kinachofaa na kinachodhuru ni ndogo.

Katika kipindi hiki kondoo wasiingie katika mashamba ya tumbaku wala mabaki yake. Majani yenyewe yana nikotini, na viuatilifu vilivyopulizwa havina mahali katika nyama.

Pima uzito kila wiki kwa mizani ya kuning'iniza. Kondoo wa kienyeji anayekula vizuri huongeza takriban gramu 60 hadi 100 kwa siku. Pamoja na mizani, weka vidole juu ya uti wa mgongo nyuma ya mbavu ya mwisho: ncha za mifupa zihisiwe kwa kukandamiza kidogo, zikiwa zimefunikwa na nyama iliyoshikana. Zikichoma kidole, bado. Ukikandamiza kwa nguvu bila kuzifikia, umepitiliza na unalipia mafuta. Kwa wanaolenga Idi, kumbuka kwamba sikukuu hiyo huwahi kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa kalenda ya kawaida, kwa hiyo siku ya kuanza kulisha nayo ibadilishwe kila mwaka.

Hatua ya saba: siku mbili za mwisho

Usibadilishe chakula chochote. Glaikojeni iliyojengwa kwa miezi inaweza kuteketea kwa asubuhi moja ya kuswagwa juani, na kwa mnyama anayecheua kuirudisha huchukua siku kadhaa. Wapeleke kwa gari au kwa mwendo wa taratibu siku moja kabla, walale mahali tulivu wakiwa na maji, na wazuiwe chakula kwa saa 12 hivi ili matumbo yapungue na nyama isichafuke wakati wa kupasua. Usimnyanyue kondoo kwa kuvuta manyoya, kwa kuwa kila mvuto huacha damu chini ya ngozi, na sehemu hiyo hukatwa na kutupwa.

Nyama isiingizwe kwenye friza ikiwa bado ya moto. Msuli unaopoozwa chini ya nyuzi joto 10 za Selsiasi kabla haujakakamaa hujikunja na kuwa mgumu kama kamba, hasa kwenye mzoga mwembamba usio na mafuta ya kuufunika. Utundikwe kwanza mahali penye kivuli na hewa kwa saa kadhaa.

Hatua ya nane: soma mzoga na uandike

Hudhuria machinjioni ukiwa na daftari. Andika uzito wa mnyama akiwa hai na uzito wa mzoga. Kwa kondoo wetu mzoga huwa asilimia 40 hadi 50 ya uzito wa hai. Bonyeza mafuta ya mgongoni kwa kidole gumba baada ya mzoga kupoa. Yakilegea, punguza nafaka katika kundi lijalo. Figo zikizama katika mafuta huku mnofu wa kiuno ni mwembamba, protini ilikuwa ndogo au mnyama alikuwa amekomaa mno. Nyama ikiwa nyeusi na inanata, usiguse chakula kabla ya kuuliza ilivyokuwa safari. Ikiwa nyekundu asubuhi lakini imegeuka kahawia kabla ya saa nane mchana ilhali jirani yake buchani bado ni nyekundu, majani yalikuwa haba. Mwombe mwenye bucha akuambie ni saa ngapi kipande cha mwisho kiliuzwa, uandike na hilo pia, kando ya namba ya kondoo na tarehe aliyoanza kula horini.